Likizo haikunitibu

Watu kadhaa wameniuliza siku hizi nilifanyaje mpaka nikapona bernauti, yaani ule uchovu mzito wa kazi unaoitwa burnout kwa Kiingereza, nikarudi kuwa sawa, na kila nikianza kujibu naona wanasubiri niseme nililala, nikapumzika, nikachukua likizo, basi yakaisha. Kulala nililala kweli, na likizo nilichukua, lakini likizo haikunitibu, na mi naamini hapo ndipo wengi wanapokwama, maana mtu anakaa nje ya kazi wiki mbili, anarudi anajisikia nafuu, kabla hata mwezi haujaisha yuko palepale, na sasa kaongeza mzigo mwingine juu yake, wa kujiona yeye ndiye mbovu. Si nimeshapumzika jamani, sasa nina nini tena? Huna ubovu wowote. Watafiti waliofuatilia wafanyakazi kabla na baada ya likizo wamelikuta hilohilo, ile nafuu huwa inayeyuka ndani ya wiki chache tu za mwanzo, kwa sababu umerudi kwenye kazi ileile, kwa kiasi kilekile, na mtu yuleyule anayekupigia simu usiku.

Kwa hiyo leo naandika kwa kirefu, hasa kwa ajili ya yule ambaye yuko katikati ya hii hali saa hizi na haelewi kinachomtokea ni nini.

Kwanza tuelewane, kuchoka na bernauti ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukichoka unalala, unaamka uko fresh. Bernauti ni uchovu ambao usingizi hauugusi, unalala masaa tisa na unaamka umechoka kuliko ulivyokuwa unapanda kitandani. Aliyeielezea mapema kitaalamu ni Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, mwaka 1974, na watu aliokuwa anawaangalia walikuwa wafanyakazi wa kujitolea kwenye kliniki ya bure, na yeye mwenyewe alikuwa anafanya kazi hukohuko. Yaani watu waliokuja kwa moyo wao wote. Baada ya muda wakaanza kubadilika, hasira za karibu, kichwa kinauma, usingizi hauji, mtu anakuwa mkavu kwa walewale aliokuja kuwasaidia. Na akasema kitu ambacho nimekishika mpaka leo, kwamba wanaoingia huku kirahisi ni wale waliojitoa, wenye bidii. Kama umekuwa ukijiita mvivu hebu rudia kuisoma hiyo sentensi.

Baadaye mwanasaikolojia Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley akaichambua vizuri zaidi, na kipimo alichokitoa pamoja na Susan Jackson mwaka 1981 ndicho kinachotumika sana hadi sasa. Anaangalia mambo matatu. La kwanza kuishiwa nguvu, hilo kila mtu analijua. La pili ni kuikinai kazi na watu wake, unakuwa baridi, mtu anakuletea shida yake unamwangalia tu. La tatu ni kuona hakuna unachofanya kikafaa, hata ukifanya vizuri na ukasifiwa haiingii. Shirika la Afya Duniani nalo limeyaweka hayohayo matatu kwenye orodha yake ya magonjwa, ile ICD-11 iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, ila humo bernauti haijahesabiwa kuwa ugonjwa, imewekwa kama hali inayohusiana na kazi, inayotokana na stresi ya kazini ya muda mrefu ambayo haikushughulikiwa ikaisha. Yaani chanzo wamekiweka kazini, hawajamtwisha mtu na tabia zake. Kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa sana kulijua.

Kwa upande wangu lile la pili ndilo lililonitisha. Uchovu nilikuwa nimeshauzoea, nikauona ni sehemu ya kuwa mtu mzima. Lakini kuna mwenzangu tuliyekuwa tunakaa meza za kupakana, alikuja asubuhi moja macho mekundu akaniambia mtoto wake amelazwa, na kitu cha kwanza kilichopita kichwani kwangu ni kwamba sehemu yake ya ripoti sasa ataifanya nani. Nikasema pole dada, mdomo ulisema. Ndani hapakuwa na kitu. Na mi ni mtu ambaye machozi yako karibu, nikisikia tu mtoto wa mtu anaumwa siku yangu inaharibika. Alipoondoka nikabaki nimeshika maus, najiuliza yule mtu wa zamani kaenda wapi.

Nimekuja kuelewa kwamba hiyo baridi ni njia ya mwili kujilinda, ukiwa huna cha kutoa tena kitu kinafunga mlango wa kutolea. Haimaanishi roho yako imebadilika imekuwa mbaya. Inarudi, nakuhakikishia inarudi, ila kwangu ilikuwa ya mwisho kabisa kurudi.

Halafu kuna kichwa. Hili watu hawalisemi sana kwa sababu linaogopesha. Nafungua imeili ya mistari minne, naisoma, nafika mwisho sijui imesema nini, narudi juu, nasoma tena huku nimeweka kidole kwenye skrini mstari kwa mstari, nafika mwisho bado haijaingia, mwishowe naifunga nasema nitaisoma jioni, na jioni hali ni mbaya zaidi. Nasahau majina ya watu ninaofanya nao kazi kila siku. Naingia chumba cha pili nasimama katikati sijui nimefuata nini. Nilianza kuogopa kwamba naugua ugonjwa mkubwa wa ubongo. Amy Arnsten, mtafiti wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Yale, ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba stresi kubwa inadhoofisha ile sehemu ya mbele ya ubongo inayotusaidia kupanga, kukumbuka kitu kwa muda mfupi na kuzuia hasira, halafu uendeshaji unahamia kwenye sehemu za ndani za woga na mazoea. Ndiyo maana unaweza kuendesha gari mpaka nyumbani bila shida, lakini kuchagua ujibu mesej ipi kwanza kunakuliza.

Na mwilini kinachoendelea ni hiki. Ukikutana na hatari, neva zinaamsha tezi za adrenali, zile zilizokaa juu ya figo, zinamwaga adrenalini papo hapo, halafu haipothalamasi na pituitari huko ubongoni zinaagiza kotisoli, homoni nyingine ya stresi, ifuate. Moyo unakimbia, sukari inapanda kwenye damu, chakula tumboni kinasubiri, usingizi unawekwa kando. Mfumo mzuri sana huu kwa hatari inayokuja na kupita. Shida ni kwamba mwili hautofautishi sana kati ya mnyama anayekufukuza na mesej ya saa nne usiku inayosema "kesho asubuhi tuongee", na ile mesej haipiti, kesho inakuja nyingine, na nyingine, kwa hiyo unabaki kama gari lililoachwa linaunguruma usiku kucha, halijaenda popote lakini mafuta yanakwisha. Hans Selye, mtafiti wa mwanzo wa stresi, alishaliandika hili tangu 1936 akiangalia panya maabara, kwamba kuna kushtuka, kuna kipindi cha kuhimili, na mwisho kuna kuishiwa. Kile kipindi cha kuhimili ndicho kinachotudanganya wengi, maana humo unafanya kazi vizuri tu, tena pengine unasifiwa kuliko wote. Bruce McEwen, mtafiti wa ubongo, naye miaka ya tisini akaja na hesabu ya gharama, kwamba kila mara mwili unapojirekebisha ili uhimili kuna kitu unalipa, na deni linajikusanya kwenye presha, kwenye usingizi, kwenye kinga, kwenye mafuta ya tumboni.

Hapa niweke neno kwa wale wanaouziwa vidonge. Kuna watu wanasema adrenali zako "zimechoka" na wana dawa ya kuziamsha. Madaktari wa homoni hawautambui huo ugonjwa. Upo ugonjwa wa kweli wa adrenali kushindwa kutoa homoni, huo unapimwa na unatibiwa hospitali, lakini ni kitu kingine kabisa. Hela yako iweke kwenye vipimo vya maana.

Na vipimo ni muhimu jamani, msiruke hatua hii. Uchovu mkali unaweza kuwa upungufu wa damu, unaweza kuwa thairoidi, ile tezi ya shingoni, sukari, au ule ugonjwa wa pumzi kukatikakatika ukiwa umelala ambao mtu anakoroma usiku kucha na anaamka hoi. Hivyo vyote vina matibabu yake, itakuwa uchungu sana uhangaike mwaka mzima na "kupunguza stresi" kumbe damu yako iko chini. Mi nilipimwa damu, presha ikakutwa iko juu kidogo, mengine yakawa salama, na daktari akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Ukiwa mbali na kazi, kuna kitu bado unakifurahia?" Nikafikiria nikasema ndiyo, muziki, na watoto wa dada yangu. Akaniambia basi hilo ni jambo jema, lakini nataka urudi nikuone tena.

Sababu ya lile swali nimekuja kuijua. Bernauti na sonona, ile wanayoiita dipresheni, zinafanana, tena moja inaweza kuzaa nyingine, na hata wataalamu wanabishana mpaka kati yake uko wapi. Lakini kwa kawaida bernauti inaanzia kwenye kazi na ukiwa mbali na kazi unapata ahueni fulani, wakati sonona inafunika kila kitu, chakula, mapenzi, ibada, mziki, vyote vinapoteza ladha, na mtu anaanza kujiona hana thamani hata kwa watu wanaompenda. Kama uko huko, na zaidi kama mawazo ya kutotaka kuishi yamepita kichwani hata mara moja, achana na hii posti kwanza, mwambie mtu sasa hivi, nenda hospitali leo. Hilo halisubiri likizo.

Haya, kupona sasa.

Nitakuwa mkweli, inachukua muda mrefu kuliko mtu yeyote atakavyokuambia. Watu wanahesabu wiki, hali yenyewe inahesabu miezi, na kwa walioanguka vibaya inaweza kuvuka mwaka. Kule Uswidi wana utambuzi rasmi wa kitabibu wa uchovu wa namna hii tangu 2005, na moja ya masharti yake ni kwamba stresi iwe imedumu angalau miezi sita. Fikiria hapo, kitu kilichojengeka kwa nusu mwaka au kwa miaka mitatu unataka kitoke kwa wikendi mbili. Kitu kingine ninachokipenda kwenye utaratibu wao ni kwamba hawaangalii kazi ya mshahara peke yake. Anayemuuguza mzazi nyumbani usiku na mchana naye yumo, mama mwenye watoto wadogo ambaye hajalala usiku mzima tangu wa mwisho azaliwe naye yumo. Mwili haujui nani analipwa na nani halipwi.

Mwanzoni nilikuwa silali vizuri hata nikiwa na muda wa kulala. Nashtuka saa tisa usiku, moyo unadunda, na kichwani kuna orodha ya kazi inajisoma yenyewe. Kilichosaidia kilikuwa vitu vya kawaida kabisa, ila nilivishikilia. Kuamka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, na kutoka nje kupata mwanga wa asubuhi, kwa sababu saa ya mwili inajipanga kwa mwanga. Kuacha kahawa baada ya mchana, maana kafeini inachukua kama masaa matano hivi kupungua nusu tu mwilini, ile ya saa kumi jioni nusu yake bado unayo saa tatu usiku. Simu kulala chumba kingine. Na nikishtuka usiku sipiganii usingizi, nakaa kwenye kiti, nasoma kitu kisicho na maana yoyote mpaka macho yawe mazito.

Kutembea. Sikuweza mazoezi makali, nilijaribu kukimbia nikalala kitandani siku nzima iliyofuata, kwa hiyo ikawa kutembea taratibu, bila kuhesabu hatua, bila app. Kuhesabu kunageuza matembezi kuwa kazi nyingine yenye ripoti.

Sasa kuna mtego mmoja, naomba uushike sana maana uliniangusha zaidi ya mara moja na nimeuona kwa wengine. Siku nzuri ya kwanza ni hatari. Unaamka siku hiyo kichwa chepesi, unasema ahaa nimepona, unafua, unajibu mesej zote za mwezi, unapanga kabati, unapigia watu uliowapotezea, unaahidi mambo matatu mapya, na kesho yake huwezi kunyanyua mkono, halafu unalia kwa sababu umeona umerudi mwanzo. Hujarudi mwanzo, umetumia akiba yote ya wiki kwa siku moja. Siku nzuri ikija fanya nusu ya unachoweza, nusu iache humohumo mwilini. Ni ngumu kwa watu wa aina yetu, najua, kwa sababu sisi tumezoea kufanya mpaka mwisho wa nguvu ndipo tusimame.

Na kuna kupumzika ambako sio kupumzika. Sabine Sonnentag, mtafiti wa Ujerumani, amefanya kazi kubwa sana kuhusu hili, na jambo analolirudia ni kwamba mwili ukitoka kazini haitoshi kama kichwa kimebaki huko. Umelala kwenye kochi lakini unajibu moyoni yale maneno uliyoambiwa kikaoni, hapo mwili uko kazini bado, na kotisoli inafanya kazi yake. Mi kulala kwenye kochi hakukuwahi kunitoa ofisini. Kilichonitoa ni kushona. Niliwahi kujifunza utotoni nikaacha, nikatoa sindano na uzi nikaanza kurekebisha nguo zangu, vifungo, pindo, zipu, na kushona kunataka macho na mikono pamoja, ukiwaza ofisi kidogo tu unajichoma. Kwako inaweza kuwa bustani, kwaya, kupika, mpira na watoto, chochote kinachoshika mikono na hakina mtu wa kukupa maksi.

Haya yote yalinirudisha kwenye nafasi ya kuweza kufikiri. Ila narudia, hayakuwa tiba, kwa sababu kazi ilikuwa inanisubiri ilivyokuwa.

Maslach na mwenzake Michael Leiter wanasema kuna maeneo sita ya kuangalia kazini, nami nilikaa nayo jioni moja na kalamu. Kiasi cha kazi chenyewe. Uhuru wa kuamua unavyoifanya. Malipo na kuthaminiwa. Watu unaofanya nao. Haki, yaani kama mambo yanaenda kwa usawa. Na kama kazi yenyewe inaendana na unachokiamini. Nilikuwa nimekariri kwamba shida yangu ni kazi nyingi, lakini nilipoandika nikaona ninayo mawili yanayoniua zaidi, sikuwa na uamuzi wowote juu ya ratiba yangu, na nilikuwa nafanya vitu ambavyo sikuona vinamfaa nani. Hiyo habari ya uamuzi sio ndogo. Mtafiti wa mambo ya kazi Robert Karasek aliandika 1979 kwamba kinachoumiza zaidi ni madai makubwa yanapokutana na uhuru mdogo, na uchunguzi mrefu wa watumishi wa serikali ya Uingereza ulioongozwa na daktari Michael Marmot ukaonyesha kwamba wenye udhibiti mdogo juu ya kazi yao walikuwa wanaugua moyo zaidi. Kwa hiyo mtu akikuambia "mbona kazi yako sio nyingi hivyo", hajauliza swali lote.

Nikaandika kwenye karatasi kila ninachofanya kwa wiki na masaa yake, hata vile vidogo vya dakika kumi kumi. Nikaomba kuonana na bosi. Nilitetemeka, nakuambia ukweli. Nikamwambia bosi, samahani, hizi ndizo kazi zangu zote, nikizijumlisha zinavuka masaa ya wiki, na zote naambiwa ni za haraka, naomba unisaidie kupanga zipi zitangulie na zipi zisubiri. Akaiangalia ile karatasi kwa muda, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hii ripoti ya kila Ijumaa nani anaisoma?"

"Kwa kweli sijui, bosi. Nilikabidhiwa nilipoingia."

Akapiga simu mahali pawili. Hakuna aliyekuwa anaisoma. Ilikuwa inanila nusu siku kila wiki, na wikendi zangu zote zilikuwa zinaanzia kwenye hasira yake, na ilikuwa inaenda kukaa kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua. Ikafutwa pale pale. Tukakubaliana pia kwamba baada ya saa moja jioni sijibu mesej isipokuwa ni dharura ya kweli, na tukataja dharura ni nini, maana usipoitaja kila kitu kinakuwa dharura. Ufaransa wameliweka hili la kutopatikana nje ya saa za kazi kwenye sheria tangu Januari 2017, kampuni yenye kuanzia wafanyakazi 50 inapaswa kukaa mezani nao na kulijadili. Kwa hiyo ukiliomba huombi starehe.

Najua sio kila bosi atashika simu. Wapo watakaokuambia kama huwezi wapo wanaoitaka hiyo kazi, na wewe una watu wanaokutegemea huwezi kuamka ukaacha. Hapo siwezi kukudanganya kwamba kuna maneno matamu ya kumbadilisha. Lakini bado lile zoezi la karatasi lifanye kwa ajili yako, utaona kuna vitu unavifanya kwa kiwango cha juu ambavyo vinahitaji tu kukamilika, kuna vikao unakwenda kwa mazoea, kuna kazi za wenzako ulizibeba kwa huruma zikageuka zako. Punguza hapo kwanza bila kelele. Ongea na wenzako, mara nyingi mnaumia wote kila mtu kimya kimya, na maombi ya watu watano yanasikika kuliko ya mmoja. Na kama kila ukiangalia yale maeneo sita yote yanakuumiza na hakuna hata moja linaloweza kusogea, basi anza kutafuta kwingine taratibu ukiwa bado umo, usisubiri mpaka uanguke, kwa sababu kutafuta kazi kunataka nguvu, na aliyeanguka hana hata za kuandika barua.

Hili la masaa nalo lisichukuliwe mchezo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba kwa mwaka 2016 peke yake watu kama 745,000 walikufa kwa kiharusi na magonjwa ya moyo yanayohusishwa na kufanya kazi masaa mengi. Anayefanya masaa 55 au zaidi kwa wiki hatari yake ya kiharusi iko juu kwa kama asilimia 35 ukimlinganisha na anayefanya 35 hadi 40. Mi nikiisoma ile namba napandwa na hasira, kwa sababu kila mmoja kati ya hao kuna mtu alimwambia jikaze.

Na hapo niwaombe nyie mnaoishi na mtu wa namna hii. "Jikaze" na "wenzako wana shida kubwa zaidi" ziwekeni pembeni, ameshajiambia hizo zote kabla yenu. Dada yangu yeye alikuwa ananiuliza kitu kimoja tu, "leo nikuondolee nini?", na nisipokuwa na jibu anachagua mwenyewe, anachukua watoto, anaenda kulipa bili, anapiga ile simu niliyoikwepa wiki nzima. Msimuulize anataka nini kwa orodha ndefu, kuchagua ndiko kunakomchosha.

Kurudi kazini kama unaweza kuomba urudi kwa nusu siku kwanza, omba. Kama huwezi, basi wiki za mwanzo usiweke kitu chochote jioni, hata kizuri. Nilirudi nikiwa naweza kufanya kama nusu ya nilichokuwa nafanya zamani, na nilipanda taratibu sana, na mpaka leo sijarudi kwenye kile kiasi cha zamani wala sina mpango huo. Ile baridi iliondoka bila taarifa. Mwenzangu yuleyule wa meza ya jirani alikuwa ananisimulia jinsi mwanae alivyokataa kuvaa sare asubuhi, nikajikuta nacheka na nataka kujua ikaishaje.

Kelele za kichwani usiku bado zinakuja mara mojamoja, hasa kipindi kazi zikibana. Siku hizi nikishtuka saa tisa mara mbili ndani ya wiki moja, sisubiri, asubuhi yake nafungua kalenda natoa kitu kimoja, kikao au ahadi, namwandikia mhusika kwamba wiki hii sitaweza, na simpi sababu ndefu. Wengi wanajibu sawa, hamna shida.